Mteremko wa Dada Milika

Mimi sinywi kahawa. Nikiwaambia watu kwamba nimekulia Mbinga na sinywi kahawa, wanacheka, wanadhani naringa. Juzijuzi wafanyakazi wenzangu walinivuta kwenye mgahawa mmoja wa kisasa, wa viti virefu na muziki wa chinichini, na kijana aliyevaa aproni akatuletea vikombe akisema kahawa hii inatoka milima ya Umatengo, ina harufu ya maua na asali. Wenzangu wakaingiza pua kwenye vikombe, wakafumba macho. Mimi niliisikia harufu nyingine. Niliinuka nikaenda msalani kutapika, na niliporudi walikuwa wanaulizana kwa kunong'ona kama nina mimba, kwa umri wangu huu.

Si mimba. Ni shangazi yangu, Mungu amlaze mahali anapostahili, na nyumba yake ya kupangisha. Habari hii nimekaa nayo tumboni miaka mingi, na imezidi kunikera siku hizi kwa sababu kila mwenye nyumba sasa anajua kutamka maneno matamu kuhusu watu wenye ulemavu, mazingira rafiki, sijui mahitaji maalumu. Shangazi naye aliyajua maneno matamu ya wakati wake. Nilikuwepo alipoyasema, na nilikuwepo kahawa ilipoiva.

Wazazi wangu walikuwa Litumbandyosi wakilima mahindi, nao walinipeleka Mbinga mjini kwa shangazi Kolasta, dada mkubwa wa baba, ili nisome kwenye shule yenye madawati. Shangazi alikuwa mjane. Mumewe alimwachia shamba la kahawa huko juu Litembo na nyumba ya matofali ya kuchoma mjini. Ninyi mliokuwa watoto wakati ule mnakumbuka mambo yalivyogeuka: maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za kunukia, marobota ya mitumba yakawa yanakatwa kamba sokoni watu wakigombania, na wageni wakaanza kuingia mjini kutafuta vyumba. Kila mwenye ukuta akawa mwenye nyumba. Shangazi aliongeza vyumba uani, mlango kwa mlango, vyote vikitazama ua mmoja, na akavijenga juu ya msingi mrefu.

Msingi huo niueleze. Kwetu milimani nyumba inahesabiwa kwa msingi. Mtu akipata fedha za kahawa haongezi dirisha wala choo. Anaongeza msingi, ili anayepita ainue kichwa kuitazama nyumba. Mahali penye mteremko, sawa, mtu analazimika. Lakini hata aliyepata kiwanja tambarare atauinua tu. Baraza la vyumba vya shangazi lilinifika kifuani nikiwa darasa la nne, na njia ya kupanda na kushuka ilikuwa moja, ngazi za mawe zilizochongoka, ambazo zilikwisha kumvunja meno mpangaji mmoja aliyekuwa mlevi.

Chumba cha mwisho kilikaa kitupu muda mrefu. Kilikuwa karibu zaidi na choo, na upepo ukigeuka, mwenye chumba alikula na choo kile mezani. Watu walikuja, wakanusa, wakaaga kwa adabu. Ndipo akaja Dada Milika.

Alitoka pwani ya ziwa, upande wa Liuli, akiwa nyuma ya pikapu pamoja na kaka yake, magunia ya usipa, dagaa wa ziwani, na mfuko mkubwa wa nyuzi za sufu. Polio ilimpata angali mtoto. Alitembea kwa mikono na magoti: mikononi alivaa kandambili, magotini alifunga vipande vya tairi. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya utaratibu, na kazi yake ilikuwa kufuma masweta. Alinunua masweta ya mitumba yaliyotoboka, akayafumua, akaosha nyuzi, akafuma upya masweta ya shule. Kwa baridi ya Mbinga, mtu wa kazi hiyo hakosi wateja.

Aliketi chini ya zile ngazi akazitazama, kisha akamtazama shangazi.

"Mama, chumba nimekipenda. Lakini kabla hatujashikana mikono, naomba tuelewane mambo mawili. Ngazi hizi naweza kuzipanda leo, ila kila siku zitanimaliza. Naomba nijengewe mteremko. Na choo, naomba sakafu yake iwe kavu, kwa sababu mimi naingia kwa mikono."

"Binti, hilo nalo ni la kuomba?" shangazi akasema. "Wewe ni mtoto wa Mungu kama sisi. Mteremko utajengwa. Choo kitaoshwa. Ingia ndani mwanangu, hapa umefika kwenu."

Nililia pale pale, nikiwa nimeshika ndoo ya maji. Nilidhani nina shangazi mtakatifu.

Na mteremko ulijengwa kweli, hilo simnyimi. Shangazi aliipeleka habari kwenye jumuiya yetu ya kanisa, akaisimulia kwa machozi: binti wa watu, wala si wa kanisa letu, Mwanglikana kutoka ziwani, amekuja kwangu anatambaa. Jumamosi wanaume wa jumuiya wakaja na mawe, fundi akaja na mwiko wake, ngazi zile zikafukiwa na juu yake pakamwagwa saruji, ikasuguliwa hadi ikang'aa. Katekista akasali. Shangazi akapika ugali na maharage, akapita kwa kila mtu akinawisha mikono, na kila aliyenawa alimwambia Mungu atakulipa. Dada Milika alishuka na kupanda mbele yao akicheka. Ulikuwa mteremko mzuri, mpana, laini bila kuteleza, na ulitazama jua la asubuhi bila kivuli cha mti wala cha paa. Hiyo ndiyo ikawa balaa yake.

Choo hakuna aliyekigusa. Choo kile kilikuwa cha shimo, sakafu yake ya saruji iliyobonyea kuzunguka tundu, na kwenye bonde lile mkojo wa wapangaji wote ulituama, wa njano na wenye povu, na mainzi yalikaa ukingoni yakinywa. Sisi wenye miguu tulipita kwa ncha za viatu tukiwa tumeziba pua. Dada Milika alifika pale kila alfajiri na ufagio mfupi na kopo la majivu, akakausha, akasugua, akamwagia maji, akakausha tena, ndipo akaweka viganja vyake chini. Na hapa nilijifunza jambo kuhusu watu ambalo halijawahi kunitoka: kwa kuwa aliosha kila siku, wenzake waliacha kabisa kuosha. Mpangaji mmoja, Mwalimu Otmari, mtu wa suruali zilizopigwa pasi, alikuwa akitoka chooni huku akifunga mkanda na kumwambia, "Dada, leo kazi unayo." Alisema kwa utani, na alitegemea acheke.

Kisha kahawa ikaiva.

Zamani, wakati kahawa yote ilipelekwa kwenye chama cha ushirika, hakuna mtu Mbinga ambaye angeanika kahawa chini. Ilianikwa juu ya vichanja vya waya, hewa ikipita chini na juu, na mkaguzi wa chama aliingiza mkono kwenye gunia, akanusa, na yenye harufu ya vumbi ilirudi nyumbani na mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa. Lakini mwaka ule walikuja wanunuzi binafsi na pikapu zao na mizani yao, na wao hawakunusa. Walinunua kahawa iliyooshwa na isiyooshwa, kavu na yenye unyevu, ili mradi wamtangulie mwenzao. Watu wakaelewa haraka. Vichanja vikawa kuni. Kahawa ikaanikwa kwenye viwanja vya mpira, kwenye makaburi yaliyosakafiwa, kwenye ngazi za majengo. Na shangazi yangu alitoka uani asubuhi moja, akautazama mteremko ule unaong'aa kwenye jua, nami nikauona uso wake ukibadilika.

Siku hiyo hiyo magunia yalishuka kutoka Litembo. Kahawa ilikuwa imemenywa lakini haikuoshwa ikatakata. Ilikuwa bado na ule utelezi wake, imevundikwa kupita kiasi, inanuka uchachu kama togwa iliyosahauliwa. Shangazi akaimwaga juu ya mteremko kutoka kwenye baraza mpaka chini, akaisawazisha kwa reki ya mbao, akaacha ukingo mwembamba wa jiwe ambao mtu mwenye miguu mizuri angeweza kupita akijishikilia ukutani.

Dada Milika akafungua mlango wake na kukuta hivyo.

"Mama, na mimi?"

"Ni siku chache tu, binti. Pita asubuhi kabla sijaanika, na jioni nikishaanua."

"Na hapo katikati?"

"Hapo katikati si unafuma?"

Alipouliza kama anaweza kupita polepole akisogeza kahawa kwa mkono na kuirudisha, shangazi alikunja uso. "Mikono hiyo inayotoka chooni? Hapana mwanangu, usinielewe vibaya. Kahawa ni chakula." Aliyasema hayo huku kuku watatu wakitembea juu ya kahawa ile ile. Kuku walipofanya walivyofanya, shangazi aliinama, akachukua mavi kwa vidole viwili, akayatupa, akajifuta kwenye khanga.

Na siku chache hazikuwa chache. Mwezi wa sita kule kwetu jua ni la kubembeleza. Ukungu unashuka hadi saa nne, kahawa haikauki, na iliyokaribia kukauka ilifuatwa na magunia mengine kutoka shamba. Kabla ya mteremko, Dada Milika alishuka ngazi kwa makalio, akiumia lakini akishuka. Sasa ngazi zimefukiwa. Njia aliyojengewa yeye, iliyoombewa na katekista, ndiyo ilimfungia ndani.

Mimi sikuelewa. Mtoto anaona kila kitu na haelewi chochote. Kila nikitoka shule nilikwenda chumbani kwake kumshikia nyuzi, mikono yangu imenyooka yeye akizungusha mpira, na niliona kwamba hanywi kitu. Nikimletea chai aliishukuru, akaifunika kwa kisahani, akaniambia niinywe mimi nikiondoka. Nikimletea maji alisema, "Asante mdogo wangu, sina kiu." Midomo yake ilipasuka, akawa anaipaka mafuta ya mgando. Kwanza nilihitimisha kwamba watu wa ziwani hawanywi maji kwa sababu wamekulia ndani yake. Baadaye, tulipofundishwa habari za kufunga kwenye kipindi cha dini, nikapata jibu la maana zaidi: Waanglikana wana mfungo wao wakati wa kahawa. Nilimheshimu sana. Nikamweleza rafiki yangu, naye akawaeleza wengine, na siku moja tukafunga sisi wenyewe bila maji ili tuone watakatifu wanasikiaje. Tulifika mapumziko ya saa nne tu.

Mtakatifu wetu akaanza kuungua kwa homa. Alishikwa na maumivu ya tumbo la chini na kiuno hata akashindwa kushika sindano za kufumia. Mwalimu Otmari, kwa hili nalo simnyimi, alimbeba kwenye baiskeli hadi zahanati, mimi nikikimbia kando kumshikilia asianguke. Muuguzi alimpapasa, akamuuliza maneno mawili matatu, kisha akamkaripia kama wanavyokaripia wauguzi.

"Wewe dada hunywi maji. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Unataka kuua figo? Kwa siku unakunywa kiasi gani?"

Dada Milika akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Nikinywa, nitakojolea wapi?"

Akaeleza. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho. Mimi nilisimama pembeni ya meza nikihisi uso wangu unawaka, kwa sababu mfungo wote ule wa Kianglikana uliporomoka kichwani mwangu kwa mara moja, na chini yake nikamwona shangazi na reki yake. Tulipewa vidonge, na muuguzi akasisitiza: vidonge hivi bila maji mengi ni sumu, unywe, upende usipende.

Nilimwambia shangazi mimi mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele.

"Si ana ndoo?" akasema. "Afunge mlango ajisaidie. Nani anamwona?"

Lakini chumba kile ndicho alichopokelea wateja. Akina mama waliingia na watoto wao kupimwa masweta, wakakaa kwenye mkeka wake. Dada Milika aliposikia habari ya ndoo alisema, "Mwambie mama mimi nalipia chumba, si banda la nguruwe." Sikumwambia hivyo. Nilimwambia kwamba hataki.

Mwalimu Otmari naye alijaribu, kwa namna yake. Alimwomba shangazi aache hata nusu ya mteremko. Shangazi akamjibu, "Mwalimu, ukijenga yako utaacha nusu." Kesho yake nilimwona akipita ukingoni, amekunja suruali yake ya pasi isiguse kahawa, na akamwamkia shangazi kwa heshima zote. Nakiri kwamba nilimchukia yeye kuliko shangazi. Shangazi alikuwa na kahawa ya kumtetea. Huyu hakuwa na kitu.

Nusu ile iliachwa kidogo, gunia lingine lilipofika ikafunikwa tena.

Ikafika siku ya mnunuzi. Alituma habari kwamba atapita Ijumaa, hakupita, akasema Jumamosi bila shaka. Shangazi, kwa kuogopa kwamba atakuja asubuhi akute kahawa imo ndani ya magunia, adhani imefichwa unyevu ashushe bei, aliamua kutoanua. Ijumaa jioni aliifunika pale pale kwa turubai, akaigandamiza kwa mawe. Jumamosi alifunua mapema, akaitandaza. Kwa hiyo Dada Milika hakushuka jioni, wala hakushuka asubuhi. Na alikuwa anakunywa maji kama alivyoagizwa.

Mnunuzi alifika jua likiwa utosini. Alikuwa mtu mwenye saa kubwa na haraka kubwa, na vijana wawili wa kubeba. Mzani ukaning'inizwa kwenye boriti. Shangazi alikuwa amevaa khanga mpya. Ndipo mlango wa mwisho ukafunguka, na Dada Milika akajisogeza hadi pale mteremko unapoanzia.

"Mama, naomba kupita."

"Subiri binti, kuna mgeni."

Akasubiri. Nilikuwa chini, karibu na mzani, nikishika magunia yasijifunge midomo. Niliona alivyokuwa akibana khanga yake kwa mikono yote miwili.

"Mama, nimezidiwa."

"Nimesema subiri," shangazi akasema bila kugeuka.

Dada Milika akatazama kahawa. Akavua kandambili zile mikononi, akaziweka kando ya mlango wake, moja juu ya nyingine, kisha akaanza kushuka kwa viganja vitupu. Alikwenda polepole, akitafuta mahali pa kuweka mkono kati ya punje. Alifika katikati akasimama. Aliinamisha kichwa. Gauni lake likaanza kuloa kwa nyuma, na fundi wa jumuiya alikuwa ameuelekeza mteremko ule vizuri sana, kwa hiyo mkojo ulipita chini ya kahawa na katikati ya kahawa, ukashuka hadi mwisho, ukatokea karibu na kiatu cha mnunuzi. Mnunuzi akasogeza mguu.

Nilimtazama shangazi, nikingoja, kwa sababu bado nilikuwa mtoto na bado nilidhani kuna kitu kitamshinda. Nilidhani atalia. Nilidhani walau atapiga kelele, amtukane, atupe kahawa yote shimoni.

Shangazi akachukua reki. Akapanda ukingoni, akamzunguka Dada Milika pale alipokuwa, akaivuta kahawa iliyoloa juu ya kahawa kavu na kahawa kavu juu ya iliyoloa, akachanganya, akasawazisha, mkono wake ukienda taratibu kama siku zote.

"Umande," akasema. "Huku kwetu umande hauishi."

Mnunuzi akainua macho akatazama jua. Akatazama kahawa. Akamtazama mwanamke aliyekuwa magotini katikati yake. Kisha akawaambia vijana wake, "Pakieni, itakaukia njiani."

Wakapakia. Walianzia pembeni, na Dada Milika akaendelea kushuka akiwapisha wao wenye makoleo, hadi akafika chini na kukata ua kuelekea chooni, ingawa choo hakikuwa tena na maana. Nilimfuata na ndoo ya maji na khanga. Alikuwa amekaa kwenye saruji ile mbaya, hajaifagia, hajaimwagia majivu. Nilimmwagia maji mikononi. Punje za kahawa zilikuwa zimeganda kwenye viganja vyake, akazibandua moja moja.

"Umeona, mdogo wangu," akasema. "Nilivua kandambili nisiichafue."

Hapo ndipo nilipotapika kwa mara ya kwanza. Nilitapika kwenye tundu la choo, na yeye akanishika kichwa.

Pikapu ilipoondoka, shangazi aliniita nimletee sabuni ya unga na brashi. Akapiga magoti akausugua mteremko wote kutoka juu hadi chini, akamwaga maji, akausugua tena, akinung'unika kwamba watu wengine hawana ustaarabu. Kahawa alikuwa ameiuza. Saruji ndiyo aliyoiosha. Mimi nimekutana na wezi, nimekutana na waongo wa ofisini wenye tai, nimeolewa mara moja na kuachika, na bado sijaona kitu cha kunitia kinyaa kama mgongo ule wa shangazi ukienda mbele na nyuma juu ya brashi.

Dada Milika alihama kabla ya mwezi kwisha. Kaka yake alikuja na pikapu ile ile ya usipa. Wanawake wa jumuiya, ambao walikwisha kusikia kwa shangazi kwamba mpangaji yule alikojoa hadharani mbele ya mgeni kwa kiburi, hawakuja kuaga. Alimpa shangazi mkono, akamwambia "Asante kwa kuniweka, mama," na shangazi akasema atamwombea. Baadaye nilisikia kwamba kaka yake alimjengea chumba karibu na ziwa, sakafu ikiwa sawa na mchanga, na kwamba anafuma kama kawaida.

Haukupita muda, akaja mtu kutoka Kitai. Alikuwa baba wa makamo, fundi redio, aliyekatwa mguu baada ya ajali ya basi, anatembea kwa magongo. Alikuwa amesikia kanisani kwamba Mbinga kuna mama mmoja mwenye huruma ambaye nyumba yake ina mteremko. Shangazi alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu baba. Nyumba hii ni ya watu kama ninyi. Uliza parokia nzima."

Yule baba aliweka gongo kwenye saruji, akaikandamiza, akapanda hatua kadhaa, akarudi. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyezunguka sana. "Huyu fundi alijua kazi yake," akasema. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nafagia ua. "Eti mwanangu, mvua ikinyesha hapa panateleza?"

"Shikamoo baba," nikasema. "Hapatelezi. Lakini kahawa ikianza huwezi kupita mpaka iishe. Dada aliyekaa hapa alizuiwa akajikojolea hapo uliposimama, na shangazi akaichanganya kahawa akaiuza."

Kofi la shangazi lilinikuta bado nimefumbua mdomo. Yule baba alibaki ametazama chini, mahali alipokuwa amesimama. Halafu akasogeza magongo yake nje ya saruji, akakanyaga udongo. Akasema, "Asante, mwanangu," si kwa shangazi, akageuka, akashika njia yake.

Nilirudishwa Litumbandyosi kabla shule haijafungwa. Shangazi alinisindikiza mwenyewe, akamwambia baba kwamba nina ulimi mchafu, nitamharibia nyumba. Baba alingoja hadi dada yake ameondoka, akaniita barazani, akaniambia nimweleze yote bila kuficha. Nilimweleza yote: choo, mfungo, muuguzi, kandambili, reki. Hakunipiga wala hakunikatiza. Nilipomaliza alichora chini kwa kijiti, nami nikawa nangoja, kwa sababu baba ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa amebaki wa kuuona ubaya ule.

"Na yule mnunuzi," akaniuliza, "aliinunua yote?"

"Yote, baba."

"Kwa bei ile ile ya kahawa kavu?"